Mstari wa Kijani wa Mama Pasi

Wateja walimwita Mama Pasi, na jina hilo halikumkera. Kwa miaka ishirini na sita alinyoosha nguo katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, wima kutwa nzima, shati baada ya shati. Mkono wa kulia ulipoanza kumgomea, alidhani ni uchovu. Akachuliwa, akameza vidonge, wapi! Hospitalini wakamwambia misuli yake inalika, na dawa ya kuirudisha hakuna.

"Ila nguvu iliyobaki tunaweza kuibania matumizi," alisema mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo tu. Akambandika begani nyaya za kupima misuli inavyokaza, akampa pasi isiyo na moto. Kwenye kompyuta mstari wa kijani ukaruka juu, mashine ikalia.

"Mbona inanipigia kelele?"

"Bega linakaza mno, mama. Pasi ina uzito wake, iache ifanye kazi. Jaribu kuushusha huo mstari."

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akizigandamiza nguo kana kwamba zinataka kumkimbia! Alijifunza kulegeza bega na kuvuta pumzi taratibu, macho kwenye mstari, mkono ukiendelea na safari yake. Baada ya wiki sita, yeye aliyekuwa hoi kwa mashati matatu alifikisha kumi na moja. Akarudi kazini, nusu siku.

"Na mimi nitafutie mashine," mumewe, dereva mstaafu wa lori, alimtania. "Labda nitaacha kukoroma."

Walipata miezi minane ya nafuu. Kisha Jumanne moja, kwenye kipimo hospitalini, mstari haukupanda kabisa. Mtaalamu alizihamisha nyaya, akabonyeza hapa na pale.

"Kaza kidogo, mama."

"Nimekaza, mwanangu. Nimekaza mpaka mwisho."

Binti akageukia dirishani. Ikabidi Mama Pasi ambembeleze yeye: "Usilie. Hukukosea kitu."

Wiki hiyo mumewe alijinyooshea shati kwa mara ya kwanza, akaunguza kola. Mama Pasi, kitini, alicheka hadi machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Mume akachomoa pasi, akaketi kando yake, akauchukua ule mkono na kuuminya.

"Unasikia?"

"Nasikia vizuri," alisema. "Wewe nishike tu. Mimi kukushika ndiyo siwezi tena."