Kidole Gumba Ubavuni mwa Bastola

Alcide Verret alivunjwa mkono na baba yake mzazi akiwa na miaka kumi na minne, na kosa lake lilikuwa kugusa. Hakuiba, hakutukana mtu. Aliishika bastola ya mteja kwa mkono mtupu, akairudisha rafuni bila kuifuta, na baada ya siku mbili vidole vyake vikajitokeza kwenye chuma, vyekundu, vitano kwa hesabu. Baba akachukua ufito wa kusafishia mitutu, akampiga nao mpaka mfupa ukalia. Halafu akamwambia afagie.

Watu wa ukoo wa Verret wana jasho baya. Hapa Petit Calou, kusini kabisa mwa Louisiana, nchi inapokwisha na tope linapoanza, kila mtu anatoka jasho, lakini la hawa lina chumvi yake. Wewe ukishika bastola leo unaweza kuifuta kesho kutwa. Verret akiishika asubuhi, kesho yake imeshaanza kuota kutu. Mafundi wa silaha wanawajua watu wa namna hii, wanawaita wenye mikono ya kutu, na hawawasogezi karibu na rafu. Sasa fikiria ukoo mzima wa mikono ya kutu ambao kazi yake tangu enzi za babu ni ufundi wa bunduki. Mungu naye ana mzaha wake.

Tangu kipigo kile Alcide akawa havui glavu za pamba nyeupe awapo kazini, miaka hamsini na miwili. Wateja walimtania. "Mzee, leo unatumikia misa?" Naye aliwajibu kwamba misa yake ndiyo hii, na kwamba wakae mbali na meza. Huku wanaume wengi, na wanawake si haba, hubeba bastola kiunoni chini ya shati, na wazee hawazitaki hizi mpya za rangi ya bati. Wanazitaka za zamani, zilizochovywa kwenye dawa zikatoka nyeusi yenye buluu ndani yake. Rangi ile nayo ni kutu, ila ni kutu iliyofugwa. Ile ya mwituni ikiingia, inaila.

Alichowaambia kilikuwa kilekile miaka nenda miaka rudi. Usilale ukaiacha kwenye ala ya ngozi, ngozi inakunywa jasho lako halafu inailisha bastola usiku kucha. Ifute kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kidogo, si kuiogesha. Usiifungie kwenye plastiki hata siku moja. Ukiona kutu, weka mafuta, subiri, kisha sugua polepole kwa nyuzi laini za shaba. Aliyekuja na msasa alimfukuza kama mwizi.

Alikuwa na mtoto mmoja, Kerney. Siku Kerney alipozaliwa Alcide aliapa mbele ya mkewe kwamba mkono wake hautamgusa mtoto yule. Kiapo kilidumu miaka tisa. Mtoto akaingia karakana, akashika bunduki ya mteja kwa kidole gumba, akaiachia alama, na Alcide akajikuta ana ufito uleule mkononi. Kidole kilipasuka mpaka mfupa ukaonekana, kikashonwa nyuzi sita, kikabaki na kovu la mshazari lenye panda mwishoni. Kerney hakukanyaga tena karakana kujifunza kitu. Ngumi alijifunza kwingine, na alipokua akampiga kila aliyempita karibu, na alipooa akampiga Charlene, mkewe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na msiniambie Alcide hakulijua hilo. Alilijua, na lilimla.

Mwezi wa tisa Kerney alimpiga risasi Tilman Pitre kwenye gati la boti, mchana kweupe. Tilman alikuwa fundi wa injini, mtu mpole, mwana pekee wa Bi Eunide. Kerney akamwambia sherifu, mkuu wetu wa polisi, kwamba Tilman ndiye aliyetoa bastola kwanza, na kweli marehemu alikutwa kaishika mkononi. Shahidi alikuwa mmoja, Purvis, rafiki wa Kerney. Sherifu akaona ameshapata jibu. Bastola ya marehemu ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki na kusahauliwa wiki saba, kesi ikafungwa, Kerney akarudi kunywa bia pale pale gatini. Na midomo ya Petit Calou ikaanza: kumbe Tilman alikuwa hivyo, kumbe upole wake wa uongo, aliyataka mwenyewe. Mazishini walikuja watu kumi na mmoja.

Siku mbili kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo huku makaburi hupakwa chokaa, Bi Eunide aliingia karakana asubuhi, vidole vyeupe kwa chokaa. Alikuwa akipaka kaburi la mwanawe.

"Pole, Bi Eunide," Alcide alisema, na hakuweza kumtazama usoni.

"Pole nimepewa nyingi, sina pa kuziweka. Nimekuletea kazi." Akaweka mfuko mezani. "Wamenirudishia. Ilikuwa ya marehemu mume wangu kabla haijawa ya Tilman. Ona walivyoifanya."

Alcide akaitoa kwa glavu zake. Ubavu wa kushoto ulikuwa umeota kutu.

"Tilman aliifuta kila jioni kabla hajala," mama alisema. "Namwambia chakula kinapoa, ananiambia, mama, chakula hakishiki kutu. Sasa hii imetoka wapi, fundi?"

"Plastiki," Alcide alisema. "Njoo saa tisa mchana. Itakuwa tayari."

Mama akatoka. Alcide akawasha taa ya mezani, akachukua lenzi, lakini alikwisha kujua kabla ya kuiinua. Kutu haikutapakaa ovyo. Ilikuwa kidole gumba, kizima, kila mstari mahali pake, na kukikata katikati, kwa mshazari, kulikuwa na kovu lenye panda mwishoni.

Akavuta kiti, akakaa. Tilman hakuitoa bastola ile. Ilikuwa kiunoni mwake, imefunikwa na shati, wakati anauawa, na mkono ulioichomoa na kumshikisha maiti ulikuwa mkono wa kutu. Alcide alimpenda mwanawe. Ni aibu kulisema baada ya yote haya, lakini alimpenda, na pale kitini alilia kwa sauti. Alijua vilevile anachoweza kufanya. Karai la kuchovyea lilikuwepo, dawa zilikuwepo. Kuparua ubavu wote, kuulainisha upya, kuuchovya: siku tatu za kazi, angemtafutia Bi Eunide kisingizio, na hakuna jicho duniani ambalo lingeona kitu. Asipofanya hivyo, mtoto wake atakwenda jela na atafia huko. Akifanya, Tilman atabaki mhuni kaburini na mama yake atabaki mama wa mhuni.

Saa sita Kerney aliingia kunywa kahawa, kama kawaida yake akiwa likizo kutoka mitambo ya mafuta baharini. Akaiona bastola.

"Hiyo inafanya nini hapa?"

"Mama wa Tilman kaileta nimwondolee kutu," Alcide alisema. "Kaa. Nakuuliza mara moja tu. Alitoa bastola?"

"Nilishamwambia sherifu."

"Mimi si sherifu. Tazama hapa."

Kerney akainama, akatazama chini ya lenzi, kisha akatazama kidole chake mwenyewe. Akacheka kidogo.

"Kutu tu. Ifute."

"Na nisipoifuta?"

Ngumi ya kwanza ilimng'oa jino. Ya pili ikamrusha juu ya jiriwa, ubavu ukagonga chuma, na pumzi ikamkata. Alipojaribu kuinuka, Kerney alikuwa ameshauchukua ufito kutoka kwenye msumari wake ukutani, uleule, hakuna aliyewahi kuutupa.

"Unaukumbuka huu, baba? Mimi naukumbuka kila nikishika kijiko." Akampiga mgongoni, akampiga shingoni, akaukanyaga mkono wake wa kushoto sakafuni na kuupiga mpaka damu ikapenya glavu nyeupe. Alipiga bila haraka, kama mtu anayepiga zulia. "Tilman aliniambia mbele ya watu kwamba mwanamume anayempiga mkewe ni mwoga. Mbele ya watu, baba. Nilipomkuta gatini nikamtia moja ya kifua. Alikuwa bado anapumua wakati namshikisha, ananiangalia tu. Charlene anajua. Na anajua akifungua mdomo nitamfanyia nini, na leo jioni nitamkumbusha tena. Sasa inuka ufanye kazi."

Alcide akainuka. Akajikokota hadi kitini, damu ikimdondoka kidevuni, akajipangusa isije ikaangukia chuma. Akatia matone ya mafuta juu ya kutu. Akasubiri.

"Unangoja nini?"

"Mafuta yaingie. Ukisugua pakavu unachubua rangi."

Kerney akasimama nyuma yake na ufito begani. Alcide akachukua nyuzi za shaba kwa mkono uliobaki mzima, akasugua polepole, duara kwa duara, kama alivyofanya mara elfu. Wekundu ukageuka tope, tope likahamia kwenye kitambaa. Akaongeza mafuta, akafuta juu juu, akasukuma bastola chini ya taa. Ubavu ulimeta, mweusi wenye buluu, umelowa, hauna doa.

Kerney akautazama upande huu na upande ule.

"Dakika kumi," alisema. "Miaka yote ile unajifanya mganga, kumbe kazi ya dakika kumi." Akautupa ufito sakafuni, akamimina kahawa iliyobaki, akainywa akiwa amesimama. Mlangoni akageuka. "Usiniudhi tena, baba." Pikapu yake ikaondoka kuelekea gatini.

Alcide akangoja mpaka mlio ukapotea. Kisha akachukua kitambaa kikavu, akayakausha mafuta.

Kerney hakukaa karakana, hakufundishwa, na kosa la kutofundishwa lilikuwa la baba. Laiti angekaa angejua jambo ambalo kila fundi analijua kabla hajaota ndevu: kutu si uchafu uliokaa juu ya chuma, kutu ni meno. Ukiiondoa, unaondoa mlaji, lakini alichokula hakirudi. Wakati wa mafuta chuma kilicholiwa huonekana cheusi kama kingine. Kikikauka, husema. Na pale ubavuni kidole gumba kilirudi, cha kijivu sasa, kimechimbika, safi kuliko kilivyokuwa chini ya ule wekundu, na kovu limebaki mstari mwembamba wa buluu katikati, kwa kuwa kovu halitoi jasho.

Alitazama karai la kuchovyea. Bado alikuwa na nafasi. Saa ilikuwa saba kasoro. Akalitazama muda mrefu, mkono ukimvimba ndani ya glavu, kisha akachukua simu akampigia Charlene.

"Toka humo ndani sasa hivi, mwanangu. Usifungashe kitu. Nenda kwa mama yako ufunge milango."

"Baba, kuna nini?"

"Nenda tu. Nilipaswa kukuambia hivi zamani."

Saa tisa Bi Eunide aliingia, akamkuta amekaa na uso umemvimba, jicho moja limefumba.

"Nani kakufanya hivi?"

"Kaa kwanza, Bi Eunide." Akatandika kitambaa cheupe mezani, akaiweka bastola juu yake, akampa lenzi. "Kutu nimeiondoa. Hicho hakitoki."

Mama akainama, akaifuata mistari kwa lenzi.

"Ni kidole," alisema. "Cha Tilman?"

"Tilman hakuwa na kovu. Ni cha Kerney wangu. Kovu hilo nilimtia mimi kwa ufito ule pale chini, akiwa na miaka tisa. Bastola ilikuwa kiunoni mwa mwanao. Kerney ndiye aliyeitoa, baada ya kumpiga risasi. Amenieleza mwenyewe leo, kwa mdomo wake."

"Kwa hiyo mwanangu hakuitoa."

"Hakuitoa."

Bi Eunide akaweka lenzi mezani taratibu. Alcide alitegemea apige kelele, au ampige, na angempiga angemshukuru. Mama hakufanya hata moja. Alikunja mikono yake yenye chokaa mapajani, na machozi yakamtoka bila sauti.

"Watu kumi na mmoja, fundi," alisema mwishowe. "Niliwahesabu. Na wewe hukuwemo."

"Sikuwemo. Niliona haya."

"Nikitoka nayo hapa, hutampata tena mwanao. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Kwa sherifu tutakwenda wote wawili, mimi ndiye wa kulisema." Akajaribu kuvua glavu ya kushoto ikakataa, mkono ulikuwa umefura na damu imekauka. Bi Eunide akauchukua mkono ule, akaivuta glavu polepole, kidole kimoja kimoja, mpaka ikatoka. Alcide akafunga bastola kwa kitambaa kikavu. "Na wakijaribu kuitia tena kwenye plastiki," alisema, "usikubali."

Gari aliendesha mama, kwa kuwa Alcide hakuweza kushika usukani. Walipita gati, walipita makaburi meupe yanayongoja sikukuu. Karibu na ofisi ya sherifu Bi Eunide akapunguza mwendo.

"Siku ile ya ufito," aliuliza, "mtoto alilia?"

Alcide aliitazama bastola mapajani mwake.

"Hakulia," alisema. "Angelia, nadhani ningeacha."