Msimu Bibi Alipofundishwa Kuinuka

Harufu ya mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto ndiyo iliyojaa nyumbani kwetu Nkuhungu, kiangazi kile bibi alipoletwa kutoka Gulwe. Alikuwa mama mzazi wa baba. Alianguka shambani akaumia goti, na ingawa jeraha lilipona, goti lilikakamaa. Mama alimchua kila jioni, upepo ukirusha vumbi madirishani, nasi watoto tulimhudumia kwa zamu: maji ya kunawa, chakula, hata kanga iliyodondoka miguuni pake. Wageni walimsifu baba kwa kumtunza mzazi wake, naye alivimba kichwa kidogo. Bibi peke yake hakufurahi. Alitaka arudi kwake kabla ya mvua za kupanda, akalale katika nyumba yake mwenyewe, lakini kila wiki iliyopita alizidi kushindwa hata kusimama.

Hospitali walimpeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, dada mmoja mpole wa sauti lakini si wa maneno. Alimwamkia bibi shikamoo, akalikunja na kulinyoosha lile goti taratibu, kisha akauliza nani humfanyia kazi nyumbani. Baba alijibu kwa fahari kwamba mama yake hagusi kitu.

"Ndiyo maana anazidi kudhoofu," alisema yule dada. "Goti lisipotumika misuli ya paja inalegea, na ikilegea maumivu yanaongezeka. Mwacheni ainuke mwenyewe, baba. Kidogo kidogo, kila siku."

"Mama yangu ahangaike, mimi namtazama tu? Watu watasemaje?"

"Mimi si yai," bibi alimkatiza. "Niache nijaribu."

Mama alishona kifuko cha mchanga, bibi akawa anafungwa nacho mguuni na kuuinua mguu akiwa ameketi. Kisha likaja zoezi la kuinuka kitini bila kushika chochote. Hilo lilimtesa. Aliuma meno, machozi yakamtoka, akamwita Mungu kwa Kigogo, nasi tulikatazwa kumgusa. Baba alishindwa kuangalia, akawa anatoka nje. Mimi niliona ni ukatili mtupu, nikamchukia yule dada kwa moyo wote. Asubuhi moja, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika, bibi aliinuka, akayumba, akatulia, akajikongoja kwa mkongojo wake mpaka mlangoni. Baba alimkuta amesimama pale, akafuta uso kwa mkono wa shati. Mvua za kwanza zilimkuta bibi akiwa kwake Gulwe, akipanda mtama polepole na kupumzika kila alipochoka.

Alifariki miaka mingi baadaye, katika nyumba yake. Siku hizi wenzangu wa ofisini Mtumba, wakiumwa mgongo kwa kukaa kutwa, huulizana mazoezi bila haya, wala hakuna anayedhani ni mambo ya wachezaji wa mpira tu. Kujua kwamba mazoezi husaidia hakujanipa ujasiri wa kumtazama mtu wangu akiumia. Baba naye sasa magoti yanamsumbua, na hufanya mazoezi yake chumbani, mlango ameufunga, akiguna. Nasimama sebuleni nikimsikiliza, mikono ikiniwasha kwenda kumshika. Nampenda mno baba yangu. Namwacha ainuke.