Vigae Vilivyowavua Watu Viatu

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilichora jiwe zuri mno, nikagombezwa. Mkuu wa Usanifu, bwana asiyecheka ovyo, aliinamia kompyuta yangu akaguna.

"Bi Theresia, hili ni jiwe au shuka? Mungu hakuumba mawe kwa rula. Litie uchafu!"

Ninyi vijana mnakanyaga vigae tu, hamjui vinatoka wapi. Kazi yetu ilikuwa kuunda sura za mawe. Unapiga picha jiwe la kweli, unalichezea kwenye kompyuta, mishipa yake na madoa yake, kisha mashine inanyunyiza wino juu ya kigae kibichi kabla hakijaingia tanurini. Kasheshe iko kwenye kingo. Mshipa ukiishia kigae hiki lazima uendelee kwenye jirani yake, la sivyo sebule nzima inakuwa kama shati lililokosewa vifungo.

Nilichora marumaru za Italia miaka nenda rudi, mimi ambaye sijavuka hata mpaka wa Namanga. Iliniuma. Mji wa Bagamoyo umejengwa kwa mawe ya matumbawe, yale ya pwani yenye vitundu vitundu. Nilitaka, kabla sijastaafu, watu wetu waweke jiwe letu sebuleni. Nikamwendea Meneja wa Kiwanda.

"Sawa, tutachapa mara moja," akasema. "Vikigoma sokoni, utamalizia utumishi wako stoo."

Nikaenda ufukweni Kaole, nikapiga picha miamba mpaka jua likanibabua shingo. Vigae vilipotoka tanurini, Mkuu wa Usanifu alivipapasa kwa kidole kutafuta vile vitundu, kumbe ni wino mtupu. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Tukavitandika kwenye duka letu la Bagamoyo mjini. Mteja wa kwanza, Bi Mwanaidi, mwenyeji wa Mji Mkongwe, alikuja na mumewe kutafuta vigae vya nyumba ya mwanawe. Alifika mlangoni akavua viatu.

"Ingia navyo tu, mama."

"Nikanyage makaburi na viatu?" aling'aka. Akainua mikono akasoma Fatiha, mumewe akaitikia amina. "Wazee wetu wamezikwa kwa mawe haya haya. Wataka mwanangu ale pilau juu yao?"

Lahaula! Mimi binti wa katekista kutoka bara niliona nyumba tu, makaburi hayakunijia akilini. Wiki ile wateja wote waliingia pekupeku. Mmoja alivitolea vigae salamu za wafu.

"Stoo," akasema Meneja. Nikapelekwa stoo yetu ya Msata, kando ya barabara kuu ya kwenda kaskazini, mimi na vigae vyangu.

Nilinuna huko mpaka alipoingia kijana mmoja aliyekuwa safarini kwenda kwao Moshi.

"Shikamoo mama. Nataka vigae vya kujengea kaburi la mama yangu. Visiwe vya kung'aa kama choo cha hoteli."

"Marahaba," nikajibu, nikamwonyesha vyangu. Alivitazama, akajifuta macho, akachukua alivyohitaji. Baada yake wakaja nduguze, majirani, mapadri. Stoo ikakauka.

Meneja akapiga simu. "Rudi, tunachapa tena."

"Vya sebuleni?"

"Bi Theresia, usinichokoze."

Mnaniuliza kama niliumia. Niliumia, ndiyo. Lakini sebule hubomolewa kila mtoto akipandishwa mshahara, na kaburi la mama hakuna alibomoaye. Siku ya kustaafu walinizawadia maboksi ya vigae vile, ya kutosha. Ya kutosha nini, hakuna aliyethubutu kusema. Mume wangu aliyatazama, akanipima mimi kwa macho toka utosini hadi nyayoni, akasema yatabaki mawili.

Nikamwambia kwa kimo chake yeye, yatabaki manne.