Nilivyopeleka mvinyo "mkavu" wa mzungu kuposea Kisauni

Wakuu, shikamooni wote mlionizidi umri, ingawa kwa miaka yangu tisini na ushei sidhani kama mmo humu.

Kisa hiki ni kweli tupu. Mashahidi wote wameshakufa, kwa hiyo hata wa kunipinga hayupo.

Miaka ya arubaini, vita vikuu vimekwisha juzijuzi tu, nilikuwa mpishi wa mzungu mmoja pale Likoni. Ndugu yake alikuwa na kishamba cha zabibu huko kwao Ulaya, akimtumia chupa za mvinyo mweupe.

Sifa za mvinyo huo nilizijua kwa moyo, maana kila mgeni alihubiriwa. Shamba dogo. Zabibu hazipigwi dawa, ni samadi tu.

Maajabu! Kana kwamba minazi yetu sisi ilikuwa ikidungwa sindano. Siku hizi mnaita organic na mnapandishiwa bei.

Basi nilipomwambia mzungu wangu nakwenda kuposa, akanipa chupa moja. Akanieleza kwamba ni dry kabisa, na inanukia sana.

Nikaona nimepata. Kwetu Wagiriama huendi kuposa bila kadzama, tembo la mnazi ambalo wazee wa msichana wasipolinywa, mke huna. Wengine na wapeleke tembo, mimi napeleka Ulaya! Msomi bwana.

Nikavuka feri, nikakata kisiwa, nikapita daraja la Nyali hadi Kisauni, juani, chupa nimeifunga kwenye kikoi. Enzi zile askari akimkuta mtu mweusi na chupa ya kizungu hakuwa na haja ya maswali. Nilipofika, mvinyo ulikuwa na joto kama uji.

Baba yake Kadzo, msichana niliyekwenda kumposa, ni Mzee Karisa, naye alikuwa mgema. Ndiyo wakuu, nilikwenda kumfundisha mgema pombe.

Akamimina kwenye kifuu, akanusa, akapiga funda moja.

"Mwanangu, hili limelala siku ngapi hata likachacha hivi?"

"Halikulala, mzee. Ni kavu."

"Kavu? Na hili lanimwagikia kidevuni ni nini?"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa.

"Lanukia kama bibi harusi, lauma kama ndimu," akasema Mzee Karisa. "Mtu aniletea siki, kisha ataka binti?"

Akakiweka kifuu chini.

Mimi sikucheka. Kadzo nilimpenda, nasema wazi, na nilikuwa namkosa kwa ajili ya neno moja la Kiingereza, dry, ambalo kumbe kwa mvinyo maana yake ni usio na utamu.

Mjomba wangu Charo, ndiye mshenga, aliyekuwa ametangulia kufika pale, akaomba radhi, akaomba turuhusiwe kuleta tembo la haki. Ruhusa ikatoka. Kasoro ndogo tu: mchana ule mgema pekee wa karibu aliyebakiwa na tembo alikuwa Mzee Karisa mwenyewe.

Nikanunua tembo kwa mkwe. Nikamkabidhi mkwe. Mkwe akaonja, akafumba macho.

"Ewaa! Hili limegemwa na mtu!"

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakusema akijisifu mwenyewe hufanya nini.

Bado sikuwa nimepona. Desturi ni kwamba binti huitwa aulizwe kama tembo linywewe, na akikataa, kila mtu huenda zake.

"Kadzo!"

"Abee, baba."

"Hili la huyu bwana, tulinywe?"

Kadzo akaitazama chupa ya mzungu pale chini, akanitazama mimi.

"Linyweni, baba. Ujinga wake wote nimeuona leo, hakuna aliouficha."

Wakanywa. Nikaoa.

Funzo nililopata: neno la kigeni lionje kwanza wewe mwenyewe kabla ya kulipeleka ukweni. Na nyinyi mlioaibika kwa wakwe semeni hapa chini, msiniache peke yangu na aibu hii.

Mke wangu ameshanitangulia, Mungu amlaze pema, na ninamkumbuka kila siku. Alikosea jambo moja tu siku ile. Ujinga ulikuwa umebaki mwingi, na aliuvumilia wote.