Mbuzi Wasio na Macho

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya Kiriaini, Mwalimu Mkuu alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Wewe ndiye wa kuchora?"

Nikasema ndiyo.

"Basi tuko na kibao cha jina la shule pale langoni, kimeliwa na mvua. Anza na hicho."

Nikaanza ualimu nikiwa juu ya ngazi, napaka herufi rangi, wanafunzi wananicheka huko chini. Nawaambia hili mapema nyinyi mnaofundisha siku hizi, mnaonunuliwa rangi za pakiti na bado mnalalamika. Mwalimu wa sanaa wa wakati wetu alikuwa mpakaji rangi wa shule, mpambaji wa harusi za walimu wenzake na mchoraji wa ramani za Jiografia, na muda ukibaki ndipo alipofundisha.

Rangi tulizitengeneza wenyewe. Ya kahawia ilikuwa udongo wa shambani, tuliuchekecha na kuukoroga na gundi. Nyeusi ilikuwa makaa yaliyosagwa. Brashi ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha mpaka kikawa na nyuzi. Somo lenyewe lilisimama juu ya mambo mawili: mbinu, yaani njia unayotumia kutengeneza picha, na mada, yaani kile picha inachozungumzia. Mwanafunzi alitakiwa kuonja mbinu nyingi, kisha achague moja ya kufanyia kazi yake kubwa ya mwaka. Wengi walichagua iliyo rahisi, nami sikuwalaumu sana.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikahamishiwa shule ya wasichana mjini Nyeri. Mwalimu Mkuu wa pale alikuwa mwanamume mrefu, mpenda nidhamu na chai ya moto, na chumba alichonipa kilikuwa stoo ya majembe. Majembe yenyewe hayakuondolewa. Tulichora huku yametuegemea, na hapo ndipo nilipomfundisha Nyawira.

Alikuwa wa kidato cha tatu, mtoto wa pekee wa mzee mmoja wa Tetu mwenye shamba dogo la chai na ng'ombe. Msichana mkimya, lakini mkaidi, weee! Ukimwambia picha imetosha, yeye bado. Mama yake alikuwa amefariki Nyawira akiwa shule ya msingi. Wazazi wake walianza kuishi pamoja bila wazee kukaa chini, bila mbuzi hata mmoja kupelekwa kwa wazazi wa mama. Kwa hivyo mama alipofariki, ndugu zake walikuja na pikapu wakasema, "Huyu hakuolewa, anarudi kwao." Wakaenda kumzika Kiriaini. Baba alibaki amesimama langoni na kofia mkononi. Tangu siku hiyo hakutaka jina la mkewe litajwe pale nyumbani, wala kukanyaga Kiriaini.

Haya yote sikuyajua kwa siku moja. Nyawira alikuwa akiyasema kidogo kidogo huku mikono yake inafanya kazi.

"Madam," aliniambia siku moja, "nataka kufanya picha Baba aione. Nikimtaja Mama kwa mdomo ananifukuza jikoni. Picha hawezi kuifukuza."

Basi akaanza kutafuta mbinu. Alijaribu penseli, akamchora mama yake kwa kutia vivuli, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Uso ulikuwa umeanza kumtoka akilini, maskini, na picha za kamera hawakuwa nazo. Akajaribu kolaji, ile ya kukata na kubandika, kwa majani makavu ya mgomba. Akasema inafanana na kadi ya Krismasi. Akajaribu batiki, ambapo unazuia rangi isiingie kwenye kitambaa kwa nta iliyoyeyushwa. Hiyo aliipenda kwa wiki moja, halafu akaiacha pia. "Inapendeza sana, Madam. Mimi sitaki ipendeze."

Ndipo nilipomfundisha chapa. Unachukua lino, ule mpira mgumu wa kufunikia sakafu. Vipande tulivipata kwa Mhindi mmoja mwenye duka pale mjini, aliyetuwekea mabaki bila kuuliza maswali. Unachonga kwa patasi ndogo, unapaka wino juu, unalaza karatasi, unasugua kwa mgongo wa kijiko. Palipobaki juu panashika wino. Palipochongwa panabaki peupe, na huwezi kuparudisha.

"Kwa hivyo nikimkata Mama, atabaki mweupe?" akauliza.

"Atabaki mweupe."

"Sasa hii ndiyo yenyewe," akasema, na hakujaribu nyingine tena.

Mwaka huo kulikuwa na maonyesho ya shule za wilaya katika ukumbi mmoja mjini, na wazazi walialikwa. Mada ilikuwa Mahali. Sasa nyinyi mnatujua sisi watu wa huku. Lugha yetu ya mama haina L, kwa hivyo ulimi wetu ukiikuta unaikwepa, unatua kwenye R. Mwalimu Mkuu alisimama paredi asubuhi akatangaza kwa sauti yake kubwa: "Mada ya mwaka huu ni Mahari! Kila mtu achore mahari!" Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyesikia kosa. Wasichana wakaenda wakachora mlima, soko na kanisa.

Nyawira akachonga ua wa kwao Tetu. Michai ilikuwa nyuma, zizi upande mmoja, na jiko la moshi katikati. Mbele ya jiko palikuwa na kigoda, na juu yake umbo la mwanamke, jeupe tupu, bila uso. Langoni mbuzi walikuwa wamefungwa kamba, nao weupe tupu, bila macho. Chini, kwa herufi nzito zilizoinuka, alikuwa ameandika MAHARI. Nilipofunua karatasi ya kwanza nikakaa juu ya ndoo. Sikuwa nimeona kazi kama ile kutoka kwa mwanafunzi, na hadi nastaafu sikuiona nyingine.

Mkaguzi wa Sanaa wa wilaya alikuja ukumbini kupitia kazi siku moja kabla ya wazazi kufika. Hakuwa mtu mbaya. Aliitazama ile ya Nyawira kwa muda mrefu kuliko zote.

"Kazi safi," akasema. "Lakini mada ni Mahali. Hii ni nje ya mada. Msichana, chonga hiyo R kidogo iwe kama L, uchape nyingine, nami nitaitundika ukutani kesho."

Nikamvuta Nyawira kando. "Fanya hivyo, mami. Ni herufi moja tu. Si unataka Baba aione?"

"Mimi sikukosea, Madam. Nilijua Mwalimu Mkuu anasema mahali." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Lakini mama yangu amelala mahali amelala kwa sababu ya mahari. Kwetu hilo ni neno moja."

Picha ikatolewa ukutani, ikawekwa nyuma ya jukwaa ikitazama ukuta.

Baba yake alikuja kesho yake, amevaa koti la kanisani. Alizunguka ukumbi mzima akitafuta jina la mtoto wake, akazunguka tena. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikampeleka nyuma ya jukwaa, Nyawira akitufuata. Nikaigeuza picha.

Mzee akavua kofia. Akaweka kidole pale langoni pa picha.

"Hawa mbuzi ni wa nani?" akauliza.

"Ni wako, Baba."

"Na mbona hawana macho?"

"Kwa sababu hawajafika," Nyawira akasema.

Mzee akavaa kofia akaondoka. Hata chai ya wazazi hakunywa. Wiki iliyofuata alikuja shuleni akamwambia Mwalimu Mkuu, "Huyu mtoto aachane na hiyo michoro, asome kitu ya maana." Mwalimu Mkuu akakubali papo hapo. Nyawira aliniletea lile lino lake likiwa limefungwa kwa kanga kuukuu, akasema nimwekee, akatoka bila kuniangalia. Nililia katika stoo ile ya majembe, na siwafichi, nililia kwa hasira.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kenol, pale barabara zinapokutana. Malori yalinguruma nje mpaka somo likawa halisikiki, na somo lenyewe lilikuwa linafifia. Kila muhula nilipungukiwa wanafunzi. Mwalimu Mkuu wa pale aliniambia kwa upole, "Madam, ukienda hatutatafuta mwingine." Nilistaafu miaka ya tisini ikielekea kwisha, na katika juma langu la mwisho, nikiwa napanga vitu, mlango ukabishwa. Alikuwa Nyawira, mtu mzima, muuguzi.

"Baba ametuacha, Madam. Tumemzika mwezi uliopita."

"Ngai! Pole sana, Nyawira wangu."

"Lakini kabla aende, alipeleka mbuzi Kiriaini." Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. "Alizunguka masoko mwaka mzima. Akiuziwa wa kahawia anakataa, wa madoa anakataa. Ati anataka weupe tupu. Watu walisema mzee amechanganyikiwa. Mimi hakuniambia kitu. Ile picha hakuitaja hata siku moja mpaka akafa."

Nje lori likapita, likapita lingine. Kisha nikatoa lile lino kwenye kanga yake.

"Umewahi kuchora tena?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. "Madam, tukiichapa sasa, hakuna njia ya mbuzi kushika wino?"

"Hakuna. Kilichokatwa kimekatwa."

Nikapaka wino. Nyawira akasugua kwa mgongo wa kijiko, polepole, nikaona mkono wake haujasahau. Tulipofunua karatasi, yote yalikuwa vilevile: jiko, kigoda, lango, lile neno. Akaomba kalamu. Akainama, akawatia mbuzi macho, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wakawa wanatazama nyumbani. Kisha akafika kwa mama yake. Kalamu ikasimama juu ya ule weupe, ikakaa, na akairudisha mezani.

"Simkumbuki, Madam," akasema.