Dawa ya Samaki

Juzi nilimwona mfanyakazi wa hoteli moja mjini Embu akimimina chumvi kwenye kidimbwi cha samaki wa mapambo. Nikamkumbuka mama.

Baba alitunza samaki kama hao kwa tajiri mmoja wa Kibugu. Alasiri moja nikiwa mtoto, maji yakinuka ukungu, nilimsaidia kukoroga chumvi kwenye ndoo.

"Hii ndiyo dawa yao," akaniambia.

Nyumbani mama aliugua presha, na chakula chake kilipikwa bila chumvi. Nilidhani ananyimwa dawa. Tangu jioni hiyo nikawa ninamtilia chumvi kwa siri kwenye mukimo wake wa viazi na mahindi.

"Siku hizi chakula ni kitamu," alisema, akimaliza sahani.

Miguu ikavimba, pumzi ikamwishia. Mazishini baba aliwaambia majirani, "Angalau alikula vizuri."