Sanduku Lililokuwa la Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa hasira. Nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma mahali pasipofaa. Katika nyumba yangu ya kupanga huko Majimbo, mjini Embu, hadi leo nina sanduku la bati lililojaa vitabu vya katuni. Mke wangu akilisogeza ili afagie, namfokea. Siku moja nilimkuta ameweka ndoo ya maji juu yake, nikairusha ile ndoo ikavunja kioo cha dirisha. Vitabu vyenyewe ni karatasi dhaifu tu. Kila ukurasa watu wanachinjana, meno yanaruka, na ukifungua kitabu kinachofuata wote wameamka wazima.

Kwa haki, sanduku hilo ni la mdogo wangu. Kwetu Githongo kijana akishatahiriwa huuacha utoto nyuma. Nguo za zamani, mpira wa makaratasi, vyote huwaachia wadogo zake, na chumbani mwa mama haingii tena. Mimi niliingia kibandani, kule waliotahiriwa hutengwa mpaka wapone, Desemba, baada ya mtihani wa darasa la nane, nikiwa nimeapa kwamba katuni zangu hazimwendei mtu. Kila kitabu nilikuwa nimekinunua kwa kuchuma kahawa ya majirani.

Siku niliyotoka, mwanamume mpya ndani ya koti jipya, nililiendea sanduku moja kwa moja. Baba alikuwa ameshamkabidhi mdogo wangu. Kitabu nilichokipenda kuliko vyote hakikuwa na kurasa za mwisho. Nilimkuta mdogo wangu shambani, akipalilia kahawa.

"Nani amerarua hii?"

Alinitazama, akanyamaza. Alikuwa na miaka kumi.

Nilimzaba kofi akaanguka. Nikampiga mateke ya mbavu, nikauliza tena, akanyamaza. Nikavunja tawi la kahawa nikamchapa mgongoni, mikononi, kichwani, popote lilipofika. Ule ukimya wake ndio ulionitia wazimu, nikadhani ananidharau. Aliinua uso mara moja tu, na ncha ya tawi ikamwingia jichoni.

Jicho la kushoto halikupona. Baba alinipiga mpaka akachoka yeye. Wahenga walisema hasira hasara, lakini hasara ya hasira yangu aliibeba mtu mwingine. Mdogo wangu hakutaka kuliona tena sanduku lile, kwa hiyo likabaki kwangu. Nimehama nalo nyumba tano. Sijasoma hata kitabu kimoja tangu siku ile, na kulitupa nimeshindwa. Nililichukia, na bado nilikuwa tayari kumuumiza yeyote atakayeligusa.

Agosti iliyopita tulimzika mama. Wiki moja baadaye nilimpelekea mdogo wangu sanduku, nyumbani Githongo, nikaliweka mezani mbele yake. Nilitaka alipokee. Nilitaka hata anitukane, mradi lisirudi nami Embu.

"Ni zako," nikamwambia. "Zilikuwa zako tangu mwanzo."

Alifungua, akageuza kichwa ili aone kwa jicho zima, akakitafuta kile kitabu mpaka akakipata.

"Hizo page ni mama alitoa," alisema polepole. "Ile Disemba kuni zote zilikuwa zimenyeshewa. Alikuwa anawasha moto akupikie uji, upelekewe kwa kibanda."

"Na wewe ulinyamaza kwa nini?"

"Wewe ulikuwa umetoka tu hiyo siku, na hukuwa unasikia mtu. Ningesema ni mama, ungempiga."

Nilifungua mdomo nibishe. Ndipo nikaiona ngumi yangu, imeshakunjwa juu ya mfuniko wa sanduku, na yeye amesharudi nyuma hatua mbili.